Nyuma ya Mlima wa Stesheni

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi tangu kinyozi mwenyewe alipokuwa na nywele. Yeye hukaa mwisho wa kulia, karibu na mlango, ili mteja akitokea amwone. Anayemfuata ni Hewani, fundi redio, ambaye kila habari anayotuletea ameipata hewani, na hakuna aliyewahi kujua ni hewa ipi. Kisha Stesheni, fundi saa mstaafu. Huyu nyumbani kwake ana treni ndogo ya umeme iliyojaza meza nzima, na ukiiita kichezeo cha watoto atakununia mpaka usahau kosa lako. Ana pia tovuti yake, ambako watu wa kila pembe huangalia picha za treni hiyo na kumuuliza maswali. Mimi nipo pembeni kushoto, na Bi Birika anatuuzia kahawa huku akisikia yote. Asubuhi hiyo Stesheni alikuja na kipande cha boksi kwapani, akakaa, akapokea kikombe, akasema Ijumaa anaifunga tovuti.

KINYOZI: Kuifunga moja kwa moja, au kama mimi ninavyofunga nikienda kula?

STESHENI: Moja kwa moja. Atakayeitafuta Jumamosi hakuti kitu.

HEWANI: Wamekuzimisha.

STESHENI: Nani?

HEWANI: Hao hao.

STESHENI: Hao akina nani, Hewani?

HEWANI: Unawajua, ndiyo maana unauliza kwa sauti ya chini.

STESHENI: Sijauliza kwa sauti ya chini!

KINYOZI: Si wao, ni shemeji. Mwanamke akichoka na nyaya sebuleni, tovuti ya nini tena?

HEWANI: Sikilizeni. Treni kubwa, zile za kupanda watu, kila siku zinachelewa. Sasa fungueni picha za huyu mzee. Kuna hata moja treni imechelewa?

KINYOZI: Hakuna.

HEWANI: Basi. Wenye treni kubwa wameona anawaaibisha.

STESHENI: Picha inachelewaje, jamani? Picha!

BI BIRIKA: Mwacheni aseme mwenyewe. Kahawa yake inapoa.

Stesheni akapiga funda, akashusha pumzi kama mtu anayetua mzigo asiojua atautua wapi.

STESHENI: Sijanawa uso, nimeshaulizwa. Gundi gani? Nyasi umezipaka nini? Nikijibu leo, kesho yule yule anauliza lile lile. Wamegombana humo ndani juu ya rangi ya mlango wa behewa mpaka wakanuniana, na mimi ndiye msuluhishi. Siwajui kwa sura! Nimezeeka nikisuluhisha mlango wenye ukubwa wa ukucha.

MIMI: Lakini treni si unaipenda?

STESHENI: Naipenda. Ila haijawahi kuzunguka.

Kinyozi akasahau kumeza.

KINYOZI: Haijawahi vipi? Mimi nimeiona kwa macho yangu inatoka kwenye handaki, na moshi juu!

STESHENI: Moshi ni pamba. Ulichoona ni picha. Niliisukuma kwa kidole mpaka hapo, nikapiga. Nikaisukuma tena, nikapiga. Ule mlima umeegemea ukuta, na nyuma yake hakuna reli. Nilisema nitamalizia. Watu wakataka daraja, nikajenga daraja. Wakataka soko, nikajenga soko. Kamera haioni nyuma, basi nyuma hapakujengwa.

Sikuona la kumlaumu. Nimepita mitaa mingi yenye nyumba zilizopakwa rangi upande wa barabarani tu, na ndani yake wanaishi watu wema, wanaodhamiria kabisa kumalizia upande wa pili.

HEWANI: Kwa hiyo miaka yote hiyo treni ilikuwa inaingia handakini na haitoki. Na abiria?

STESHENI: Ni wa plastiki, Hewani.

HEWANI: Naelewa. Nauliza tu walikuwa wapi.

STESHENI: Nisikilizeni, nitapasuka. Binti yangu kaolewa, chumba chake kiko tupu. Mama yake kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Kasema anataka kuiona treni inatoka stesheni, inazunguka, inarudi stesheni, bila kidole changu. Isipozunguka, cherehani yake inaingia mle, na mimi na mabehewa yangu tunahamia chini ya kitanda. Picha hataki hata kuzisikia. Mkwe wangu ni seremala, anapita sasa hivi kuulizia meza. Nimechora hapa. Nisaidieni kufikiri.

Akalaza boksi juu ya mapaja yake. Kulikuwa na duara moja la penseli na neno "stesheni". Sijui kwa nini alituomba sisi. Labda mtu aliyezoea kuulizwa naye siku moja hutamani kuuliza.

KINYOZI: Weka duka la kinyozi hapa mbele. Na taa ndani. Kiti kizunguke.

STESHENI: Kizunguke kiti, treni je?

KINYOZI: Treni baadaye. Kwanza watu wanyolewe, wataka kusafiri na manywele?

HEWANI: Hapa mlima. Ufike darini. Juu yake mlingoti, tena mlingoti wa kweli, nitakufungia mwenyewe. Ukipanda kitandani usiku unawasikia.

STESHENI: Nawasikia nani?

HEWANI: Hao hao.

BI BIRIKA: Mimi nataka mto. Maji ya kweli, yatembee.

STESHENI: Maji na umeme, Bi Birika!

BI BIRIKA: Si utaweka na wazima moto? Umeweka kila kitu.

Nami, nisijifanye wa maana, niliomba kiduka cha vitabu mkabala na stesheni, chenye benchi nje. Akakichora, huku ameuma meno. Kisha ukazuka ugomvi, maana mlima wa Hewani uliziba duka la kinyozi.

KINYOZI: Usukume nyuma mlima wako.

HEWANI: Ukisukumwa, mawimbi yanapotea.

KINYOZI: Usukume, bwana! Zaidi. Zaidi. Hapo, uegemee ukuta.

Stesheni akausukuma kwa penseli mpaka ukingo wa boksi. Akarudisha kichwa nyuma, akafumba jicho moja.

STESHENI: Hapo hata picha ingetoka safi.

Bi Birika akamtazama, akaendelea kusuuza vikombe.

Mkwe akatokea kutoka upande wa duka la mbao, penseli sikioni, futi mkononi. Hakuwahi kukaa nasi. Alisimama kando kidogo, kama mtu aliye mlangoni kwa wakwe.

MKWE: Shikamooni, wazee.

SISI: Marahaba.

MKWE: Baba, nimeshakipima chumba. Nimebakiza jambo dogo. Meza niiache mbali na ukuta kiasi gani?

KINYOZI: Usiache hata upenyo. Igandishe.

MKWE: Sawa, mzee.

Akainama juu ya boksi, akaifuata reli kwa macho kutoka stesheni, kupita kwa kinyozi, kupita mtoni, mpaka handakini.

MKWE: Na ikishaingia nyuma ya mlima, baba, inatokea wapi?

Hewani akainamia kikombe chake. Kinyozi akajifanya kaona mteja. Mimi nikaangalia kiduka changu cha vitabu, ambacho kwa kweli kilikuwa kimependeza.

MKWE: Mnisamehe, nauliza tu nijue pa kukata mbao.

Stesheni akachukua kiberiti cha Bi Birika, akakilaza juu ya reli, akakisukuma taratibu. Kikapita stesheni, duka, mto, handaki. Kilipofika ukingoni kikadondoka miguuni pake. Hakukiokota. Alibaki akikitazama kidole chake.

STESHENI: Inukeni.

KINYOZI: Tuende wapi?

STESHENI: Inukeni, nimesema! Shikeni huko.

Tukalivuta benchi kutoka ukutani, kwa mara ya kwanza. Nyuma yake palikuwa na utando wa buibui, vikombe vya Bi Birika ambavyo alimsingizia Hewani kuwa ameviiba, na kitana ambacho kinyozi alinisingizia mimi. Stesheni akavuta tumbo ndani, akaingia ubavu ubavu kati ya benchi na ukuta, akakwaruza mgongo, akapotea nyuma ya mabega ya kinyozi, akatokea upande wa pili mbele ya birika, shati limejaa chokaa.

STESHENI: Meza iwe mbali na ukuta kiasi hiki. Pima.

Mkwe akapima, akaandika kwenye kiganja. Hewani naye akaingia nyuma ya benchi, akazunguka, akatokea.

KINYOZI: Na wewe nani kakutuma?

HEWANI: Hao hao.

Stesheni hakugeuka. Alikuwa ameshaongozana na mkwe wake kuelekea duka la mbao, anamweleza kwa mikono miwili. Boksi aliliacha juu ya benchi, na kinyozi akalikalia.