Fremu ya Kipimo cha Suruali

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja, fundi cherehani, alimtambua mteja wake kwa kisogo tu. Mwalimu wa hesabu alikuwa kiti cha mbele, ameikumbatia baiskeli mpya ya mbio, na mzee aliyekaa naye, fundi baiskeli, alikuwa haishi kutikisa kichwa.

“Fremu hii imekuzidi, mwanangu. Miguu haifiki chini, utaanguka kila ukisimama.”

“Haiwezekani, mzee wangu. Nilipima mshono wa ndani wa suruali yangu, nikawatajia namba dukani.”

“Ungepima mguu! Suruali haikanyagi pedali.”

“Mguu na suruali tofauti yake nini? Fundi wangu hakosei hata nusu sentimita.”

Fundi cherehani alivimba kichwa kwa sifa hizo, kisha akanywea. Suruali ile aliirefusha vidole vitatu ifunike viatu vya soli nene vinavyomrefusha mwalimu, na mwalimu mwenyewe alimsihi iwe siri yao.

Treni ikasimama. Mwalimu akageuka, akamwona. “Huyu hapa mwenyewe! Mama, hebu mwambie mzee!”

Fundi cherehani akamtazama miguuni, akauwahi mlango.

“Mwalimu,” akasema, “leo mbona umevaa ndala?”