Masikio ya Mzee Wangu

Wazee wa kanisa, mama zangu, na ninyi ndugu mliotembea kutoka mbali na miguu bado ina vumbi, nawasalimu katika jina la Mwokozi wetu. Mama mwenyekiti ameniomba nisimame niseme Mungu amenitendea nini. Aliponiomba aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, useme ya kutia moyo." Nikamwitikia. Lakini nilipokaa kuyapanga nikaona siwezi kufika kwenye ya kutia moyo bila kupitia ya kuvunja moyo, na haya ndiyo mengi. Mtanivumilia. Na sitataja jina la mtu. Wengine wamekufa, wengine wako hai, na mmoja wao huenda ameketi ndani ya nyumba hii.

Mimi na mzee wangu tulikuja huku tukiwa tumeshazeeka. Kwetu ni Maragoli. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni mpaka nywele zikageuka, na watoto wetu walikuwa wameshaoa na kuolewa. Tulikuwa tumepanda migomba mipya nyuma ya nyumba, tukisema sasa tupumzike. Ndipo wakubwa wa kanisa wakaja kutuambia kwamba huku juu ya Molo, kwenye mashamba ya wazungu, kuna Wakristo wengi wanaofanya kazi na hawana mtu wa kuwafundisha wala wa kuwazika. Wakauliza kama tungekubali kwenda. Mzee wangu alinitazama mimi kwanza kabla ya kuwajibu. Nikasema twende.

Ndugu zangu, baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukakamaa, sikuweza kuvunja hata kijiti, kwa hiyo mzee wangu ndiye aliyewasha moto na kukoroga uji. Mwanamume wa Kimaragoli, tena mwalimu, anakoroga uji. Wanawake wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, walikuja kuchungulia kama watu wanaoangalia mbuzi mwenye vichwa viwili. Tukishakunywa uji tuliomba, halafu kila mmoja akashika njia yake. Yeye alichukua fimbo akazunguka mashamba, siku nyingine akafika mpaka karibu na Sachangwan, akitembelea wagonjwa na kufundisha watu wa ubatizo wakati wa chakula cha mchana, wao wakitafuna mahindi na yeye akisema. Mimi nilibaki na akina mama. Nilikwenda nao kwenye mashamba ya pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu, nikawafundisha herufi kwa mdomo huku wakichuma. Niliwazalisha. Jua likipanda na vidole vikilegea, nilishona nguo za watoto wa kubatizwa kwa magunia ya unga.

Jumapili tulikusanyika kwenye stoo kuukuu ya kukaushia pareto, ambayo mzungu mwenye shamba alituachia. Vumbi la maua lilikuwa limeshika kuta zote, basi katikati ya mahubiri watu walipiga chafya. Mzee wangu alingoja chafya ziishe, akaendelea pale alipoachia. Tulikuwa mchanganyiko: Wakikuyu ndio wengi, kisha Wakipsigis, Wanandi, Waluo na sisi Waluyia. Tuliimba kila mtu na lafudhi yake. Niseme kweli, miaka ile ya kwanza nilikuwa na furaha.

Halafu ikaja hali ya hatari. Ninyi nyote mnajua ilivyokuwa, sina haja ya kuieleza. Mtu akimwona mwenzake anakuja njiani, aliwaza kwanza huyu amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, ambao wengi walikuwa Wakikuyu, au ni wa serikali.

Siku moja mzungu alimwita mzee wangu nyumbani kwake. Alimkalisha kwenye veranda, akaagiza aletewe chai. Akamwambia kwamba yeye kama mtu wa dini anajua siri za watu, na Jumapili inayokuja akae mlangoni mwa kanisa pamoja na askari, awaonyeshe nani amekula kiapo. Mzee wangu alinisimulia aliporudi. Alimjibu hivi: "Bwana, mimi niliitwa kuwafungulia watu hawa mlango wa kanisa. Siwezi kuugeuza uwe mtego." Mzungu hakumfokea. Alisema tu amesikia, akaingia ndani.

Lakini watu waliokuwa wakipita na magunia ya pareto walimwona mzee wangu ameketi kwenye kiti cha mzungu, kikombe mkononi. Hawakusikia alichosema. Waliona kikombe.

Wiki iliyofuata malori yalikuja asubuhi, wakachukuliwa Wakikuyu wote wa shamba lile, wanaume kwanza na jamaa zao baadaye. Watu waliobaki wakaunganisha kikombe na malori. Mzee wangu alisimama kando ya lori akiwaaga kwa majina, na mtu mmoja ambaye mzee wangu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma alimtemea mate kifuani. Kabla hata hajabadilisha shati, askari walirudi wakamchukua na yeye. Mzungu alikuwa amesema kwamba asiyetaka kuwataja ni mwenzao.

Sasa oneni nilipobaki. Kwa mzungu sisi tulikuwa wa msituni. Kwa watu wa laini sisi tulikuwa wasaliti, na kule kuchukuliwa kwa mzee wangu walikuita mchezo, eti amepelekwa mahali pazuri akalipwe. Stoo ilifungwa kufuli. Nikienda kisimani, wanawake waliinua madebe yao hata kabla hayajajaa, wakaondoka. Watoto niliowapokea kwa mikono hii walizuiwa kunisalimu. Kabeji zangu ziling'olewa zote, zikapangwa mlangoni kwangu, mizizi juu. Niliziokota nikapika. Nilikula nikilia, lakini nilikula.

Nilishuka Nakuru kumtafuta. Nilimkuta kwenye kambi ya kuhojiwa, nyuma ya seng'enge. Nje palijaa wanawake wenye vifurushi, na kati yao nikamwona mama mmoja wa kanisa letu, Mnandi aliyeolewa na Mkikuyu. Yeye aliachwa shambani kwa sababu ya kabila lake, mume wake akachukuliwa. Tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, na alikuwa miongoni mwa wale wa kuinua madebe. Mzee wangu alipopitishwa, nywele zimenyolewa, akitembea kama mtu anayekanyaga miiba, yule mama alimwona. Alimtazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Alisogea kidogo tu, nikapata nafasi ya kushika seng'enge.

Baada ya miezi mingi wakamwachilia. Walitaka majina, hakuwapa. Walikuwa wakimpiga makofi ya masikio, mikono miwili kwa pamoja, mpaka masikio yakafa. Alirudi kwangu hasikii hata mlango ukigongwa.

Nikafikiri kanisa litatushika mkono. Wakubwa walikuja, mmishonari mmoja mzungu na mzee mmoja wa kwetu. Walikunywa uji wangu. Wakasema wanashukuru kwa utumishi wetu, lakini mwinjilisti asiyesikia hawezi kufundisha, na tena kuna maneno maneno juu yetu, basi ni afadhali turudi nyumbani tupumzike. Walisema kwa upole. Ule upole ulinichoma kuliko kabeji zile. Mzee wangu alikuwa ameketi hapo hapo, akitabasamu na kutikisa kichwa, akidhani wanatuombea. Mimi ndiye niliyemweleza baadaye, nikitamka neno moja moja mbele ya macho yake ili asome midomo.

Tangu siku hiyo alikaa ameuelekea ukuta. Na mimi nikaacha kuomba. Nawaambia bila kificho, mama zangu, nilifunga mdomo wangu kwa Mungu kama wanawake wale walivyofunga midomo kwangu. Nilipika, tukala, tukalala. Nikafunga mizigo yetu, tukawa tunangoja tu nafasi kwenye lori la kwenda stesheni.

Jumapili moja mchana yule mama Mnandi akaja. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema wamempa habari kwamba mume wake amefia kambini na amezikwa huko huko, hataonyeshwa mahali. Alitaka mzee wangu aje nyumbani kwake asome maneno ya maziko.

Nilimuuliza, "Si wewe uliyeinua debe lako kisimani nilipofika?"

Akasema, "Ni mimi."

"Si wewe uliyesema mume wangu amemwuza wako?"

"Nilisema. Nikamwona kule Nakuru, nikajua nimesema uongo, na bado niliogopa kuja." Akafuta uso kwa kanga. "Mama, sina kwingine kwa kwenda."

Nilitaka kufunga mlango. Lakini mzee wangu alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Hakusikia hata neno moja, ila aliutazama uso wa yule mama, na watu waliozika wengi wanaujua uso wa namna ile. Akainuka. Akafungua mzigo niliokuwa nimeufunga vizuri, akatoa koti lake na kitabu, akanyoosha mkono nimshike.

Mikutano ilikuwa imekatazwa. Tulikwenda watatu, tukasimama kwenye uwanja wa nyumba ya mjane, bila jeneza, bila kaburi. Mimi na yule mama tuliimba. Kwa kuwa mzee wangu hakusikia wimbo umefika wapi, nilimshika mkono, na wimbo ulipokwisha nikaubana. Ndipo akaanza kusoma.

Ndugu zangu, mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Mzee wangu alisoma kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Ilipasua laini zote. Nilimvuta mkono anyamaze, hakuelewa, akazidi. Milango ikaanza kufunguka. Kwanza walisimama mbali, mikono nyuma. Walimsikia akimtaja marehemu kwa jina, jina ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja tangu malori. Akataja na wengine waliochukuliwa, wote aliowakumbuka, akiwaombea mmoja mmoja, na yule aliyemtemea mate alikuwa miongoni mwao. Mama mmoja akaanza kulia, akasogea. Akaja mwingine. Alipoinua macho kutoka kitabuni, mzee wangu alikuta uwanja umejaa. Alinigeukia kama anayeniuliza wametoka wapi.

Na mimi, niliyekuwa nimefunga mdomo, nikajikuta naomba. Sikuomba maneno mazuri. Nilimwambia Mungu kwamba nimekasirika naye, na kwamba niko hapa.

Nyapara wa shamba alikuja na rungu lake. Alisimama mpaka amina, kofia mkononi. Kisha akaniambia kwa huruma, "Mama, itabidi niseme." Alisema kweli, na kabla ya wiki kwisha mzungu akatufukuza shambani. Lakini siku hiyo wanawake walibeba vyombo vyetu kichwani, wale wale wa kisimani, mpaka kijiji cha wakata miti karibu na reli. Huko tulijenga kanisa kwa mabanzi ya mbao yaliyotupwa na kiwanda. Hatukurudi Maragoli. Mzee wangu anahubiri mpaka leo, nami namshika mkono kumjulisha wimbo umekwisha.

Sitawadanganya kwamba uchungu umekwisha. Mzungu yule hakuwahi kusema pole. Wakubwa wa kanisa walikuja kufungua jengo letu, wakasifu mabanzi, na hakuna aliyegusa siku ile waliyotuambia twende tukapumzike. Wakikuyu wetu waliorudi ni wachache. Kuna asubuhi naamka uchungu umeshaamka kabla yangu.

Lakini nina watu wa kushukuru. Namshukuru yule mama aliyekuja mlangoni kwangu na aibu yake mkononi, maana angekaa kwake tungekuwa tumeondoka tumekufa mioyo. Nawashukuru wanawake waliobeba vyombo vyetu. Namshukuru askari mmoja wa kambi ambaye simjui, aliyempa mzee wangu blanketi na kuangalia kando. Na namshukuru Mungu, ambaye nilimnunia siku nyingi na hakuninunia.

Nilichojifunza ni hiki. Usingoje uchungu uishe ndipo umfungulie anayebisha hodi. Hautaisha upesi hivyo. Mfungulie ukiwa nao, mwende naye ukiwa nao, ufanye kazi ukiwa nao. Na ninyi mlio wakubwa wa kanisa, mkimwambia mtu aende akapumzike, muulizeni kwanza kama amechoka.

Mzee wangu ndiye yule ameketi mbele, mwenye koti jeusi. Hakusikia hata neno moja kati ya haya. Mkitaka kumsalimu baada ya ibada, msimpigie kelele masikioni, inamwumiza. Mshikeni mkono na mumtazame usoni. Atawajua.