Wajumbe wa Paja la Winchi

Benchi letu liko mbele ya ghala la nafaka, ubavuni mwa jiko langu la kahawa. Mwanangu, ambaye wapakiaji wenzake walimbatiza Winchi, alikuwa amekaa hapo, mguu uliotoka kwenye plasta ameunyoosha mbele, mwembamba kama wa kuazima. Nyapara alikuwa anakuja kumtazama. Akiinua gunia, anarudi kazini. Asipoweza, nafasi anapewa mwingine. Nilimpa bakuli la maharage na mayai mawili, nikawapa mgongo yeye na wateja wangu wawili waliokaa naye, Fundi Cherehani na Dereva, nikapepea mkaa.

— Hospitali wamekwambiaje? aliuliza Fundi Cherehani.

— Eti msuli ukifanya kazi unatoa wajumbe wadogo wadogo, wanasafiri kwenye damu. Wanafika kwenye ini, kwenye mifupa, mpaka kwenye ubongo.

— Kupeleka nini? alidakia Dereva.

— Habari. Na unachokula kinawabadilisha. Kwa namna gani hasa, wenyewe bado wanachunguza.

— Basi tuwasaidie, alisema Fundi. Mimi naona yai ni zito. Mjumbe akishiba yai analala njiani.

— Kumbe! alishangaa Dereva. Hiki kitambi changu ni wajumbe wamelala?

— Fofofo. Lete hilo yai, mdogo wangu, nikupunguzie mzigo.

— Na hili la pili mimi, alisema Dereva. Nishazoea.

— Maharage je? aliuliza Winchi.

— Maharage yana gesi, alisema Fundi. Mjumbe anapaa. Ametumwa kwenye goti, anatokea sikioni.

— Ndiyo maana nikiyala masikio yanavuma!

— Lakini mama kasema…

— Mama yako anajua kahawa. Sogeza bakuli, tuokoe goti.

Nilicheka na mkaa wangu, nikidhani ni maneno tu. Kusema kweli, hata mimi nilitaka kujua paja linaliambia nini ini.

— Sasa nibaki na nini?

— Kahawa. Nyepesi, mjumbe anakimbia.

Nyapara akafika. Akautazama mguu, kisha bakuli.

— Huyu kijana amekula nini leo?

Nikageuka. Fundi alikuwa na yai shavuni. Dereva alikuwa ameng'ata kijiko. Winchi alikuwa ameshika kikombe kitupu.

Mlo mmoja haurudishi paja, najua. Niliteremsha birika, nikabandika sufuria ya maharage mengine.

— Nyapara, rudi mchana. Nyie wawili, kahawa imekwisha.

— Birika si limejaa, dada?

— Imekwisha.