Kambi Nzima Anaondoka Bungeni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kukalia benchi lile lile la upande wa kushoto, Mheshimiwa wetu wa Chama cha Demokrasia ya Jamii anastaafu. Sisi wa idara ya taarifa rasmi, ambao kazi yetu ni kuandika kila neno linalosemwa ukumbini, tumeombwa na jarida hili tumuage kwa sababu tumemsikiliza kuliko mtu mwingine yeyote. Kusema kweli, mara nyingi tulikuwa tunamsikiliza peke yetu.

Aliingia Bungeni akiwa kijana mchapaji, katibu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya uchapaji, wino ungali kwenye kucha. Enzi hizo chama chake kilijaza mabenchi, na kazi kubwa ya mnadhimu wao ilikuwa kuwanyamazisha. Kisha wakaanza kuhama. Mmoja alipewa ubalozi, mwingine unaibu waziri, mwingine hakupewa kitu ila alihama tu asionekane kabaki nyuma. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye tulizoea kumwita Pacha kwa jinsi walivyokuwa wakitembea chini ya mwavuli mmoja, alivuka ukumbi mchana kweupe akaenda kukaa upande wa serikali. Leo ni Waziri wa Kazi. Mheshimiwa hakumnunia. Alimwambia tu, "Utanikuta hapa hapa," na ndivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo alipopata jina la Kambi Nzima. Alikuwa kiongozi wa wabunge wa chama chake, mnadhimu wao, katibu wao, na wabunge wenyewe. Kanuni zinasema chumba cha chama kisichotumika kinachukuliwa, basi kila Jumanne asubuhi alifungua kikao. Mama wa chai anasimulia alivyomkuta akisoma ajenda kwa sauti mbele ya viti vitupu, akafika kwenye "mengineyo," akangoja labda kuna atakayenyoosha mkono. Kuanzia siku hiyo mama wa chai akawa anachelewa makusudi kutoka na sinia lake. Siku moja Mheshimiwa akamuuliza kama ana mengineyo. Akajibu kwamba analo moja, bomba la jikoni linavuja. Likajadiliwa, likapitishwa, na fundi akaletwa wiki ile ile. Tulicheka sana tuliposikia habari hiyo, halafu hatukucheka tena.

Kuna jambo moja alilolitaka kuliko yote: sheria ya kumpa kila mfanyakazi wa nyumbani Jumapili yake ya kupumzika. Mama yake mzazi alipika na kufua katika nyumba za watu, na yeye na dada zake walikuwa wakizimaliza Jumapili bila kumtia machoni. Kila mkutano mpya wa Bunge alileta muswada wake. Kwa kanuni zetu, muswada wa mbunge hauwezi kujadiliwa mpaka mbunge mwingine asimame kuuunga mkono. Spika anauliza, wabunge wanatazama simu zao, muswada unakufa. Sisi tunaandika: "Hakuna aliyeunga mkono." Vidole vyetu vinaiandika sentensi hiyo vyenyewe. Pacha alipokuwamo ukumbini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Jioni za namna hiyo mkewe, aliyekuwa muuguzi, ndiye aliyempokea nyumbani. Alipofariki, watoto wakiwa wameshatawanyika kila mtu na maisha yake, tuliona tofauti. Mheshimiwa akawa anabaki maktaba akisoma magazeti aliyokwisha kuyasoma asubuhi, na mlinzi akija kufunga, anamshikilia kwa mazungumzo ya mpira, mchezo ambao hajui hata sheria zake.

Ikafika Ijumaa moja alasiri mwaka huu. Ukumbi ulikuwa na wabunge wachache, wote wameshiba. Spika akauliza swali lake. Mheshimiwa mmoja mnene wa upande wa serikali, jina tunamstahi, akabanwa na msuli wa mguu, akaruka wima. Kwa kanuni zetu kusimama ni kuunga mkono, basi Spika akamshukuru. Alifungua mdomo akanushe, lakini kusimulia habari za msuli mbele ya waandishi wa habari nako ni aibu. Akaketi polepole, akijisugua paja.

Kwa mara ya kwanza Mheshimiwa wetu alijengea hoja muswada wake. Hakupayuka. Alieleza habari za mama yake, basi. Spika alipowahoji, wabunge wa serikali, kwa mazoea ya kuitikia kila kinachohojiwa, wakaitika, "Ndiyooo!" Walioafiki wakashinda.

Kufika Jumatatu redio zilikuwa zikiisifu serikali kwa huruma yake, na serikali ikaona haya kurudi nyuma. Pacha ndiye aliyesimama kuuhitimisha muswada uliposomwa mara ya tatu. Alipigiwa makofi, na hakumtaja mtu. Jambo hilo lilituudhi, na tunalisema hadharani. Mimi ninayeandika haya kwa niaba ya idara, nilipomfuata Mheshimiwa na rasimu ya hotuba yake aihakiki, nilimkuta chumbani kwa chama, amesimama mbele ya viti. "Tumeshinda, jamani," alikuwa akisema, taratibu, na hapakuwa na mtu.

Sheria inaanza kutumika tarehe mosi Julai, siku moja baada ya yeye kustaafu, na siku hiyo ni Jumapili. Nilimuuliza atashindaje. Alicheka, akaniambia kwamba tangu awe mgane anaishi na dada wa kazi anayempikia, na siku nyingine huyo ndiye mtu pekee anayezungumza naye. Amekwisha kumwambia Jumapili aende kwa watoto wake. Dada aligoma kabisa. "Nikuache na nani, Baba?" alimuuliza. Ikabidi amsomee kifungu cha sheria, mara mbili, ndipo akakubali.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kila neno ulilotuandikisha. Wenzangu, nyumba yake iko nyuma ya posta, geti la bluu, na kuanzia Jumapili hiyo atakuwa akifungua mwenyewe. Tunakutakia ustaafu mwema, Kambi Nzima. Ukisikia hodi, usidhani umekosea kusikia. Ni sisi.