Kutoka Shuka Nyeupe Kwenda Udongoni: Miaka Thelathini na Sita ya Mama Baridi

Tarehe thelathini na moja mwezi huu wa Agosti, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali yetu atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya kazi ya miaka thelathini na sita na miezi minne. Hiyo miezi minne ameidai mwenyewe. Amesema isisahaulike, maana aliifanya akiwa na ujauzito wa kifungua mimba wake na hakuketi hata siku moja. Wagonjwa wengi hawamjui kwa sura, lakini kila aliyewahi kulazwa hapa amelala juu ya kazi ya mikono yake.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike, ingawa ndimi mdogo kuliko wote pale kwetu na shule niliiachia njiani. Walisema anayefua kwenye karo ya jirani ndiye anayejua habari. Basi nitaandika kama ninavyojua, na palipopinda mnivumilie.

Niseme mapema kwamba wasifu huu nusura usiandikwe. Mpaka katikati ya mwaka hakuna aliyejua kama mama huyu anaondoka kweli. Uongozi ulishampa barua ya kumwongezea miaka miwili. Watoto wake walishamwandalia chumba kwao, akae apumzike, alee wajukuu. Yeye alitaka kitu cha tatu: kurudi kwenye ardhi aliyorithi kwa baba yake na kula kile inachotoa. Swali lilikuwa moja tu, nalo lilimnyima raha kuliko alivyoonyesha. Mwili wa miaka sitini utaliweza jembe?

Yeye na jembe, mjue, waliachana kwa ugomvi. Alikulia kwenye mteremko wenye mawe, nyumba ya watoto saba, na mvua zilipokatika miaka miwili mfululizo walikula kwanza majani ya maboga, kisha mizizi, kisha ile mbegu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya jiko. Anasema siku mama yao alipokifungua kile kitambaa hakuna mtoto aliyelia njaa. Wote walinyamaza, hata mdogo, kwa sababu walijua wanakula mwaka unaofuata. Baada ya hapo aliondoka na nguo za kubadilisha mbili, akaapa hatashika mpini tena maishani.

Hapa hospitalini alikuta karo nane za saruji, pipa la kuchemshia shuka linalokokwa kwa kuni, na wanawake kumi wenye mikono iliyochubuka kwa magadi. Aliomba kazi ya usafi wa wodi, akaambiwa imejaa, labda kufua. Alisema kufua ni kazi pia. Alikusudia kukaa mwezi mmoja.

Mwaka wa tano alichaguliwa kwenda kusomea uhudumu wa wodi. Aliikataa nafasi ile, kwa kuwa ilikuwa na zamu za usiku na watoto wake walikuwa wadogo, na mume wake, fundi viatu, alikuwa mtu mwema sana ila hawezi kupika hata maji. Wengi huwa tunasema aliridhika. Mwenyewe hasemi hivyo. Anasema alipomwona mwenzake aliyekwenda badala yake akipita koridoni na viatu vyeupe, aliingia nyuma ya mashuka yaliyoanikwa akalia wiki nzima, kila siku saa nne, halafu akarudi kwenye karo. Wiki iliyofuata hakuwa na muda, shuka zilikuwa nyingi. Nampenda kwa kulisema hilo bila kulipaka rangi.

Jina la Mama Baridi mnalitumia wote, lakini wengi mnadhani ni kwa sababu ya upole wake. Sivyo. Jina limetoka kwenye agizo lake la kila asubuhi: shuka yenye damu huanza na maji baridi. Ukiitia maji ya moto damu inapikwa ndani ya uzi, na hapo hata malaika hawezi kuitoa. Mimi siku yangu ya kwanza nilitaka nionekane hodari. Nikazichemsha shuka zote za wodi ya wazazi kabla hajafika, zikatoka na mabaka ya kahawia kama ramani. Nilikaa chini nikasubiri kufukuzwa, mwanangu wa miezi minne mgongoni. Yeye alizigeuza moja moja, akaniambia, "Mwanangu, umepika. Sasa tugawe chakula." Akachukua mkasi. Zile shuka tulizikata nepi, akazipeleka kwa wazazi wanaokuja kujifungua mikono mitupu, kisha akaenda mwenyewe kwa matroni kueleza kilichotokea, akisema ni yeye aliyechelewa kufundisha. Mwanangu alipewa kapu tupu karibu na meza ya pasi, na ndani ya kapu hilo ndimo alimojifunzia kukaa.

Turudi kwenye ardhi. Mwaka wake wa kumi na saba hapa, boila la kuchemshia maji lilipasuka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini chumba kilifungwa miezi kumi na mmoja na shuka zikapelekwa kufuliwa kwingine. Wafuaji walirudishwa nyumbani wasubiri. Mume wake alikuwa ameshafariki. Akabeba watoto watatu akarudi kwenye ule mteremko, ambako baba yake alikuwa amemwachia kipande, na kaka zake walikuwa wakikiona kama kichaka tu. Akavunja kiapo. Alikwatua kile kichaka kwa panga la kuazima, akapanda viazi vitamu, kunde na maboga, na watoto walikula. Si kwa kushiba kila siku, ila walikula. Alipoitwa kazini alirudi kwa ajili ya shule ya watoto, lakini anakiri kwamba alipofika njia panda aligeuka kutazama nyuma mara tatu, na mtoto wake wa kati akamuuliza kama amesahau kitu.

Miaka mingine kumi na saba ikapita. Mashine zikaja, karo sita zikavunjwa, akawa msimamizi. Chini yake hatujawahi kupeleka shuka mbichi wodini hata siku moja, hata msimu wa mvua za wiki nzima, alipotufundisha kuanika kwenye chumba cha boila kwa zamu.

Ikafika mwaka jana. Likizo ya kabla ya hapo alikuwa ameshapanda mihogo, viazi na migomba michache kule kwake. Safari hii akajiwekea mtihani: siku ishirini na nane za likizo ataishi kwa shamba tu. Atabeba chumvi, kiberiti na sabuni, basi. Na katika siku hizo atapanda maharage aone yanamtii. Huku nyuma tulikuwa tunabishana. Fundi wa boila alisema siku ya tano atamwona getini. Mimi nilisema atamaliza.

Hakumaliza. Alirudi siku ya kumi na tisa, amepinda mgongo, akatueleza yote wakati wa chai bila kuficha. Siku ya nne tu alikwenda kugonga kwa wifi yake, mke wa kaka, kuomba chai yenye sukari, na wifi akamuuliza kama ardhi yake imegoma kuota sukari. Hilo alilicheka. Lililomuuma ni maharage. Alikuwa amelima kama anavyofua. Anaanza tuta, halali mpaka liishe, kama vile mashine inamsubiri. Na kila jani kavu, kila unyasi, kila takataka aliyoiona juu ya udongo aliiokota akaichoma, mpaka shamba likang'aa. Jua likaupiga ule udongo ulio uchi wiki moja, maharage yakachomoza na kunyauka siku hiyohiyo. Wifi yake alisimama mpakani, mikono kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, umelifua shamba! Bado kulipiga pasi!"

Sisi tulicheka pia, yeye akacheka na sisi. Lakini baadaye nilimkuta peke yake stoo, ameshika shuka iliyokunjwa, haikunjui wala haiweki. Aliniambia hajui kama kilichomshinda ni mgongo au ni tabia, maana mgongo una dawa. Barua ya kuongezewa miaka miwili ilikuja mwezi uleule. Akaomba ruhusa ajibu baada ya likizo ya mwaka huu.

Mwaka mzima alijizoeza. Hamkujua, lakini mimi nilikuwa namwona. Alianza kuacha kazi katikati saa nne, akaketi kwenye benchi dakika kumi, uso umekunjwa kama anayemeza kwinini. Majani ya mti wa uani yaliyokuwa yakifagiliwa kila asubuhi alituagiza tuyaache chini ya vichaka vya ua, na akawa anapita kuyafunua na kuchungulia unyevu chini yake. Alijifunza kuacha uchafu mahali pake. Kwa mtu wa chumba cha kufulia hiyo ni kazi ngumu kuliko boila.

Mwezi wa sita akaondoka tena. Sukari safari hii aliibeba, akasema sheria ni yake na ameirekebisha. Alilima asubuhi tu. Jua likipanda anaketi. Nyasi alizozikata alizilaza juu ya matuta aliyopanda maharage upya, na anasema usiku wa kwanza vidole vilimwasha kutaka kuziokota. Alikula mihogo yake, viazi vyake, ndizi zake na mboga za pembezoni. Siku ya ishirini na nane ilimkuta anapalilia. Aliongeza na ya ishirini na tisa, kwa kuwa hakuiona ikipita.

Aliporudi hakupitia kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa hospitali, kucha zikiwa na udongo, akarudisha ile barua kwa heshima na kushukuru. Watoto wake nao amewaambia chumba kile wakitunze, atakuja kuwatembelea na gunia mkononi. Jumanne iliyopita wifi yake alimpigia simu tukiwa kwenye meza ya pasi, sote tukasikia: maharage yamefunika shamba, nyani wamechungulia wakafukuzwa, aje haraka.

Kamati ilikuwa imekwishapanga kumzawadia seti ya makochi. Alipopata fununu alituomba, kwa upole wake wote, tumpe toroli na pipa la kukingia maji ya mvua. Vitu hivyo vitakabidhiwa leo hapa kwenye sherehe, na fundi wa boila amejitolea kulipaka toroli rangi, kama adhabu ya kutabiri vibaya.

Mama yetu, kwa niaba ya wodi zote, za wanaume, za wanawake, za watoto na ya wazazi, na kwa niaba ya yule mdogo aliyekulia kapuni mwako, ambaye sasa anakimbia na kuuliza shambani kwa bibi ni lini, tunasema ahsante. Tunakuombea mvua za wakati wake, mgongo mzima, na chai yenye sukari kila jioni. Umetufulia vya kutosha. Sasa nenda, mama, ukachafuke.