Mwenzi wa Ng'ombe: Miaka Ishirini na Saba ya Mama Zuena

Tarehe 30 Novemba 2003 Mama Zuena wa Nyamugari anaacha kazi ya moniteri wa mifugo, yaani kutibu ng'ombe na kufundisha wafugaji, hapa kituoni kwetu Gitega, baada ya miaka ishirini na saba. Wakubwa walitaka wasifu wake uandikwe na mtu wa shule. Nilikataa. Mimi Chabani, mchungaji wa madume ya kituo, nimefanya naye kazi kupita wote, na kwa mambo ya ng'ombe hakuna mwenye diploma wa kunifundisha. Isipokuwa huyu mama, na yeye ilimchukua miaka.

Alianza 1976, na baiskeli ya kiume na viatu vya mpira. Kule Itaba wanaume walificha ng'ombe zao, eti sindano ya mwanamke inakausha maziwa. Siku moja ng'ombe wa Matata, mkulima wa mlima wa juu, alishindwa kuzaa. Mama Zuena aliingiza mkono mpaka begani, akageuza ndama, akamtoa mzima. Kisha akaomba maji ya kunawa, na chai. Toka siku ile hakuna aliyeficha kitu.

Mwaka 1992 wafadhili walituletea karatasi ya Kifaransa: mifugo isiyoharibu ardhi, na jinsi ya kujilinda na mvua hizi zilizoacha majira yao. Ilisema ng'ombe mmoja awe wa nyumba mbili. Mmoja anafuga. Wa pili anapanda mabingobingo kwa mistari, kushika udongo na kulisha ng'ombe, na anapewa samadi ya shamba. Ndama jike wa kwanza ni wa huyo wa pili. Wao waliandika "partenaire". Mama Zuena anafikiri kwa Kiswahili cha Nyamugari, akasema mbele ya mkutano kwamba kila mfugaji lazima awe na mwenzi.

Wanawake waliinuka wakaondoka. Mzee mmoja akauliza kama mwenye wake wawili atapewa ng'ombe wawili. Ilituchukua siku tatu kueleza kwamba serikali haiozeshi mtu. Lakini neno lilikwisha kushika, hakuna aliyetaka lingine. Mwenzi wa Matata akawa Salima, mjane wa mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Mimi nilisema wazi kwamba ng'ombe anajua kujitafutia majani, haya ya mistari ni mchezo wa wazungu. Nilisema hivyo miaka kumi na moja. Sikuwa na haraka.

Vita ikaja. Salima akakimbilia Muyinga na watoto wake. Watu wa juu na watu wa ng'ambo wakawa hawasalimiani. Mwaka 1997 ng'ombe wa Matata akazaa ndama jike wa kwanza, na alipokwisha kuacha kunyonya, majirani wakasema apewe mtu wa karibu, maana waliokimbia si wenzetu tena. Matata alikuja kituoni kuuliza afanye nini. Alikuwa anaogopa majirani, na alikuwa anaona haya. Mama Zuena alimwambia neno moja tu: "Ndama iko na mwenyewe."

Embargo ya nchi jirani ilikuwa imemaliza mafuta, gari la kituo lilikuwa nyumba ya kuku. Mimi na Mama Zuena tulimpeleka ndama Muyinga kwa miguu, kupitia Karuzi, siku tano. Kamba niliishika mimi. Mwingine angempoteza yule ndama siku ya kwanza.

Mbele ya Karuzi kulikuwa na bariyeri ya jeshi, mti umelazwa njiani. Askari wakauliza kwa Kiswahili chao cha kambi, ndama ni ya nani? Mama Zuena hajui kusema uongo. Akajibu kwamba ni ya mwenzi aliyeko Muyinga. Askari wakanitazama mimi, na kofia yangu na koti la mvua, wakaanza kucheka. Walidhani ni mahari.

"Mzee, na umri huo bado unaoa?"

"Amechelewa," Mama Zuena akasema. "Mwacheni apite."

Wakafungua. Mmoja alimpa ndama majani, akanipa mimi pole. Sikumsemesha Mama Zuena mpaka jioni.

Muyinga tulimkuta Salima kwenye nyumba ya ndugu yake. Aliangalia ndama, akaangalia nyuma yetu kama kuna mwingine anayekuja. Mama Zuena akamwambia inatoka kwa Matata. Salima akaipokea kamba.

"Kumbe Matata bado ananihesabu," akasema.

Mwezi uliofuata alituma mfuko wa mbegu za maharage kwa Matata. Matata akaubeba mlima mzima bila kuuficha, kila mtu aone. Ndipo salamu zikarudi, kidogo kidogo. Baadaye ukaja mwaka wa ukame, Muyinga yote ikakauka, lakini mistari ya mabingobingo aliyopanda Salima kule ilibaki kijani na watu walikuja kuomba vipandikizi. Leo wenzi wa ng'ombe ni mia moja na arobaini, Gitega na Muyinga. Hiyo ni kazi ya Mama Zuena. Kamba tu ilikuwa yangu.

Kwa kumuaga, Salima ameleta mtamba, mjukuu wa ile ndama. Mama Zuena aliweka sheria mwenyewe: bila jina la mwenzi, hakuna ng'ombe. Hivyo wiki iliyopita nimepanda mabingobingo nyuma ya nyumba yangu Musinzira, mistari sita, imenyooka kuliko ya wote. Kwenye karatasi ya mtamba, mahali pa mwenzi, nimeandika jina langu kwa mkono wangu, herufi saba. Wa kucheka wacheke.

Mama Zuena, kituo kizima kinakushukuru. Pumzika, unywe maziwa ya jasho lako, na nyumba yako isikose moto wala wageni. Amashyo, Mungu akupe makundi ya ng'ombe. Na ndama jike wa kwanza akizaliwa, unajua njia ya Musinzira.