Phelesia Robi Nyabuto: Aliyetoka Nyuma ya Shuka

Marehemu Phelesia Robi alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 huko Isebania, Migori, binti wa Mzee Maroa, aliyetangulia mbele za haki, na Mama Susana, aliye nasi hapa. Alichunga ng'ombe pamoja na kaka zake. Majirani walilinena vibaya jambo hilo. Baba yake hakuwajali.

Alisoma hadi kidato cha pili, mwaka 1975, kisha akaambiwa arudi nyumbani awapishe wavulana. Alisema waziwazi kwamba ameonewa. Ni kweli, alionewa.

Desemba 1979 aliolewa na Bonface Nyabuto, Msabato na mfanyabiashara wa mahindi, wakahamia Kosele. Hapo sokoni Phelesia alifungua kibanda cha cherehani. Sare za watoto wengi walioketi hapa zilipita mikononi mwake.

Jumamosi tarehe 4 Agosti 1990, jua lilipozama na Sabato ikaisha, gari la sinema lilifika uwanja wa soko. Kwa kuwa kimila mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, kamati iliamua kwamba shuka la sinema ndilo liwe ukuta: wanaume mbele, wanawake nyuma, na jenereta ikinguruma upande wa wanawake.

"Mama Joyline, nyuma ndiko kwenye heshima," mzee wa kamati alimwambia Phelesia.

"Basi kaeni ninyi huko kwenye heshima, sisi tuje mbele," alijibu. Hawakuhama.

Ilikuwa sinema ya zamani ya Kihindi, nyeusi na nyeupe, juu ya mjane aliyemtafuta mwanawe katika machimbo ya mawe. Mbele, mwalimu aliwatafsiria wanaume. Nyuma, picha na maandishi yake ya Kiingereza vilionekana kinyume, kulia kukawa kushoto, na sauti ilimezwa na jenereta, kwa hiyo wanawake walijitungia hadithi. Mjane alipotupa jiwe, walishangilia: "Ni mashoto! Mashoto kama Filister wetu!" Filister, rafiki yake Phelesia anayetumia mkono wa kushoto, alijivuna. Mwishoni alipopiga magoti mlangoni kwa mwenye machimbo, walilia wakidhani anaomba msamaha. Phelesia aliipenda sinema hiyo tangu siku ile, kama mtu anavyompenda ndugu aliyemwona kupitia ufa wa mlango.

Mei 1993 mumewe alifariki. Wasifu wake ulisema amekufa kwa kifua. Phelesia aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Mwaka uliofuata, alipokwenda kumwona mama yake, aliikuta kanda ya sinema ile kwenye duka moja la Isebania. Aliwaita wenzake kibandani, wakawasha televisheni na deki ya kuazima kwa betri ya gari. "Njooni," alisema, "televisheni haina nyuma ya kukalia." Mjane alitupa jiwe kwa mkono wa kulia. Filister akapiga makofi kwa uchungu: "Kumbe miaka yote hii nimejivuna bure!" Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Kicheko kilikoma mwishoni, Phelesia alipowasomea maneno ya mjane. Hakuwa akiomba msamaha. Alikuwa akisema: "Sitaki pole zenu. Semeni kilichomuua mwanangu." Phelesia aliirudisha kanda nyuma, akasoma tena, kisha akawageukia wenzake.

"Na Bonface wangu? Yeye alikufa kwa nini?"

Wapo waliojua.

Alianza kudhoofika mwaka 1995. Mwaka uliofuata alipimwa, akaambiwa ana Ukimwi, naye akawaambia wanawake wa soko siku hiyo hiyo ili wajue nao wakapimwe. Malipo yake yalikuwa haya: watu walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Walikuwa Wakristo, na walikuja wakitoka kusali. Filister peke yake alimwachia kitambaa chake.

Shemeji yake, Machuki, alimsihi Phelesia alipokuwa amelala kitandani. "Shemeji, katika wasifu wako tutaandika kifua. Wafikirie watoto."

"Ndio ninaowafikiria. Watamuuliza nani, kama nanyi mnanyamaza? Shemeji, nilikaa nyuma ya shuka mara moja. Msinirudishe huko."

Alifariki Jumatatu tarehe 13 Oktoba 1997, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Wiki hii kamati ya mazishi iliomba neno moja lifutwe katika karatasi mliyoishika. Machuki, aliyekuwa wa kwanza kutaka lifichwe, ndiye aliyekataa lifutwe. Phelesia Robi aliuawa na Ukimwi, kama mume wake.

Amewaacha mama yake, Susana. Watoto wake Joyline, Kerosi na Nyanchama. Shemeji yake Machuki. Na rafiki yake Filister, aliyevaa leo gauni la mwisho lililotoka katika cherehani ile.

Akina mama mnaosimama nyuma ya hema, viti vya mbele ni vyenu. Aliviagiza yeye. Njooni mketi, tumzike tukimtazama usoni. Mungu ampe pumziko la amani.